Dawa Haipikiwi Chai

Mwaka wa 1979, nikiwa na miaka kumi na moja, watu wawili walimpiga baba yangu kwa kasia ufuoni kwa sababu ya nyavu ambazo hata hazikuwa zake. Alitapika damu, tukamzika, na taabu ikaanza hapo. Shule niliiachia darasa la tatu. Nikaja Kisumu, nikaingia kichinjioni kubeba matumbo ya ng'ombe kwa karai, mavi na damu vikinitiririka shingoni, na kila aliyenizidi urefu alinipiga. Wachinjaji walinipiga kwa ubapa wa panga. Askari wa manispaa walinipiga kwa rungu. Mama mmoja mpika pombe ya chang'aa alinipiga kwa mwiko mpaka mwiko ukavunjika, halafu akataka nimchongee mwingine. Sisemi haya nihurumiwe. Nasema ili ujue kwamba kipigo nakijua, na nikikuambia hakuna mtu aliyewahi kunipiga kama Sista, uniamini. Na Sista ndiye aliyekuwa akinitibu.

Jina lake silitaji. Alikuwa nesi wa dispensari ndogo pale kwetu Nyalenda, nyumba ya mabati yenye benchi mbili nje, na kila mtu alimwita Sista, hata wazee waliomzidi umri.

Mwaka huu, kabla ya mvua kubwa, nilikuwa buchani kwangu Kibuye nikikata mbavu, mama mmoja muuza omena, mtu wa Bondo, akaniambia:

"Mzee, yule Sista wenu wa mpira, unamkumbuka?"

"Nani anaweza kumsahau?"

"Yuko kwake Bondo. Sukari imemshika. Mguu umeoza, yawa, ukipita barabarani unausikia. Daktari amempa dawa ya kumeza, amesema isiposhika watakata hapa." Akajigonga gotini.

"Na haishiki?"

"Wapi! Anameza kila siku. Na mwanawe anamtunza, usiseme hamtunzi. Dawa na maziwa, dawa na maziwa, na mguu unazidi tu kunuka."

Nikakiacha kisu kimesimama kwenye mfupa. Sista anameza dawa kwa maziwa? Heri ungeniambia askofu ameshikwa akiiba kuku. Nilijua kwamba kesho yake nitaenda. Lakini kabla sijasema nilichokikuta, lazima nieleze alikuwa mtu wa namna gani, la sivyo hutaelewa kwa nini nilikaribia kuua mtu kwa ajili ya kikombe cha maziwa.

Kwetu huku ziwani, mgonjwa haendewi mikono mitupu. Unakwenda na maziwa. Ukienda bila kitu watu wanaulizana umekuja kumwona mgonjwa au umekuja kuona kama amekufa. Na sisi wote tuliamini, mpaka leo wengi wanaamini, kwamba dawa kali ikikuta tumbo tupu inalikata. Kwa hiyo mgonjwa anashibishwa kwanza. Anapewa ugali, anapewa samaki, anapewa kikombe kikubwa cha chai ya maziwa, na dawa inashushwa katikati ya hayo yote kama jiwe ndani ya gunia la pamba. Ni mapenzi hayo. Mama anayekupa maziwa na dawa anakupenda.

Sista aliyachukia mapenzi hayo kama shetani. Alikuwa na kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, wa kijani, urefu wa mkono, na aliuweka mezani kando ya sindano. Ukifika asubuhi, swali la kwanza halikuwa unaumwa wapi. Lilikuwa, "Umekula nini?" Ukisema chai, anauliza chai ya rangi au ya maziwa. Ukisema ya maziwa, na ulikuwa umepewa dawa fulani jana yake, mpira ulikupata begani kabla hujafunga mdomo.

"Dawa si mgeni wako!" alikuwa akipiga kelele. "Nani amekuambia uipikie chai? Dawa haipikiwi chai!"

Alitueleza pia, siwezi kusema hakueleza, ila alieleza huku anapiga. Zile dawa za vidonda alizokuwa nazo, nyingine zilikuwa za tetra, vidonge vya rangi mbili. Alisema ndani ya maziwa kuna kitu kilekile kinachotengeneza mifupa, na kitu hicho kikikutana na dawa ile tumboni kinaikamata. "Wewe ni mvuvi, si ndiyo?" alimwambia mtu mmoja, amemshika kola. "Maziwa ni nyavu. Dawa ni samaki. Imenaswa! Haifiki kwa damu, inakwenda kuvuliwa chooni. Umekula dawa yangu ukaenda kuinya!" Na pah, mpira. Mtu yule alielewa. Mtu wa ziwa ukimwambia nyavu anaelewa hata akiwa analia.

Mguu wangu ulikuwa hivi. Nilikuwa kijana, nimeshaacha karai, nimeanza kuchinja. Tukagombana na mchinjaji mwenzangu juu ya kichwa cha ng'ombe, yeye akasema ni zamu yake, mimi nikasema zamu ya mama yake, akanikata kwa panga muundini, mfupa ukaonekana mweupe kama mhogo. Mimi nilimvunja taya, hilo lilikwisha. Lakini kidonda kikavimba, kikatoa maji ya kijani. Nikapelekwa kwa Sista nikiwa nimebebwa kwenye mkokoteni wa kubebea ngozi, nzi wakinifuata kama watu wa matanga.

Alikikwangua kile kidonda bila kuniganzisha. Nilimtukana matusi yote ya kichinjioni na yeye akanijibu kwa matusi ambayo hata kichinjioni hatukuwa nayo. Akanipa dawa, ile wanayoita kloksa, akasema, "Hii inataka tumbo tupu. Umeze, kaa lisaa limoja ndiyo ule. Na ukishakula, kaa masaa mawili ndiyo umeze tena. Chakula kikitangulia, inachelewa njiani na nyingi inaharibika na asidi. Umenisikia, we mwizi wa vichwa?"

Mama yangu akaja kutoka nyumbani, kwa miguu, kibuyu cha maziwa kichwani. Alikuwa amezika mume, hakuwa tayari kuzika mtoto. Alinikuta kwenye benchi ya dispensari nikingoja kufungwa kidonda, vidonge mkononi.

"Nyathina, mwanangu, kwanza kunywa. Usimeze moto huo na tumbo tupu."

Nilikuwa nimekipeleka kibuyu mdomoni Sista alipotoka. Hakuuliza. Alikipiga kibuyu kwa mpira, kikaruka, kikapasuka kwenye ukuta, na maziwa yote yakamwagika vumbini mbele ya watu.

Ngoja nikuambie kitu. Kwetu maziwa hayamwagwi. Ukiyamwaga mbele ya mama aliyeyakama, ni kama umemtemea mate usoni. Mama yangu, mwanamke mfupi, akavua kitambaa cha kichwa, akakifunga kiunoni, akamrukia.

Nimeona wanaume wakipigana kwa visu, sijaona vita kama ile. Mama alimng'ata Sista bega, hakuachia. Sista alimwinua akamtupa juu ya meza ya kufungia vidonda, mkasi na iodini vikaanguka, wote wawili wakawa rangi ya kahawia kama wamechomwa. "Unamwaga maziwa ya ng'ombe wangu!" "Unaua mtoto wako!" "Mimi naua? Mimi nimemzaa!" "Basi mzike!" Nilipojaribu kuwaachanisha, na mguu mmoja, wote wawili waligeuka wakanipiga mimi.

Wakachoka. Wakakaa chini, migongo ukutani, wanahema, damu puani. Wagonjwa walikuwa wamesimama wote, hata yule aliyeletwa hawezi kusimama. Ndipo mama yangu akauliza, sauti ya chini kabisa:

"Sasa atakula saa ngapi?"

Sista akafuta pua. Hakuna mmoja wetu aliyekuwa na saa ya mkono. Akamwonyesha nguzo ya bendera iliyokuwa uwanjani. "Akimeza wakati kivuli cha ile nguzo kiko kwenye jiwe, wewe usimpe kitu mpaka kivuli kifike kwenye mlango wangu. Maji tu. Kikifika mlangoni, mlishe mpaka apasuke."

Na mama yangu alikaa pale. Siku zote za dawa alikaa chini ya jua akikitazama kivuli kile kama mtu anayelinda mtama dhidi ya ndege, na kikifika tu mlangoni alipiga kelele, "Kimefika!" na kunisukumia ugali mdomoni. Usaha ulikauka. Ndiyo maana leo natembea. Mama na Sista hawakuombana msamaha maisha yao yote, lakini kila mavuno mama alimpelekea mtama, na kila alipopeleka walitukanana mlangoni mpaka majirani wakachungulia.

Usidhani Sista alikuwa akipiga wagonjwa peke yao. Mwanamume mmoja alimleta mke wake na jicho limefumba, anasema ameanguka bafuni. Sista akamtibu mke kwa upole ambao hatukuujua, akamfunga, akampa maji. Halafu akamgeukia mume, akamwambia, "Na wewe umeanguka," akampiga kwa kichwa usoni, jino likatoka. Akamwambia mke achukue lile jino, alifunge kwenye leso, siku mume akisahau amwonyeshe.

Lakini pia aliwapiga makofi kina mama waja wazito. Hilo sitalificha kwa sababu alinitibu. Akina mama wetu wanakula odowa, yale mawe laini ya udongo yanayouzwa sokoni Kibuye kwa mafungu. Wakipata mimba wanayatamani kama mlevi na pombe. Sista alisema odowa nayo inakamata dawa vilevile kama maziwa, hata ile ya kuongeza damu. Kwa maneno alikuwa sahihi. Lakini alikuwa akiwafungua mdomo kwa vidole viwili kama unavyopima ng'ombe, akiona udongo kwenye ulimi anapiga kofi. Mwanamke ana tumbo hili, anapigwa kofi. Wengine wakaacha kuja kabisa, wakazalia nyumbani.

Kulikuwa na mzee Mwislamu, muuza mitumba hapo Kibuye, mtu mpole, mwenye jipu baya mgongoni. Ilikuwa Ramadhani. Sista, ambaye Jumapili alikuwa anaimba kanisani kwa sauti ya kupasua mabati, alikwenda kusimama mlangoni kwa yule mzee kila magharibi, na bilauri ya maji. Adhana ikilia tu anamtia kidonge mkononi. Tende ziko pale, maziwa yako pale, uji uko pale, familia yote inakula. "Wewe bado," anamwambia. "Lisaa limoja."

"Sista," mzee akamwambia siku moja, "Mungu amenifungua, wewe unanifunga tena."

"Mungu hana zamu dispensari," akajibu. Mzee alicheka mpaka jipu likamuuma. Huyo hakuwahi kupigwa. Nilipomuuliza Sista kwa nini, alisema, "Yule anauliza sababu. Nyinyi mnauliza kama mtapona kesho."

Na kitu cha kuchekesha zaidi kilikuja na zile dawa mpya za malaria, za njano, ambazo zinataka mafuta. Hizo Sista alitaka uzimeze umeshiba, na maziwa ndiyo mazuri. Basi jirani yangu, fundi wa baiskeli, mwezi huu alipigwa kwa kunywa maziwa na dawa ya kidonda. Mwezi uliofuata akashikwa na malaria, akaja dispensari amejikaza, hajatia kitu mdomoni tangu jana, anajisifu. Sista akamuuliza, "Umekula?" Akajibu kwa kifua, "Sijala hata punje!" Mpira ukamshukia.

"Yawa! Juzi ulinipiga nimekula, leo unanipiga sijala! Nifanye nini, nile nusu?"

"Uulize!" Sista akasema. "Kila dawa na tabia yake. We ukioa wake wawili utawaongelesha sawa?"

Alikosea pia, na akikosea hakupenda ionekane. Kuna dawa moja aliyokuwa akiwapigia watu mwaka nenda mwaka rudi kwa kuimeza na chakula. Akaja daktari kutoka hospitali kubwa, kijana wa Milimani mwenye viatu safi, akamwambia mbele yetu, kwa heshima, kwamba hiyo haidhuriki na chakula, mtu ale asile ni sawa. Sista alimtazama sana. Sisi tulirudi nyuma tukidhani daktari ataliwa. Kesho yake alitangaza kutoka mlangoni, "Ile ya amoksi, kuleni nayo mkitaka," akaingia ndani. Basi. Migongo iliyopigwa bure miaka yote hiyo haikusikia neno lingine. Na yeye mwenyewe chai ya maziwa hakuiacha, kikombe kikubwa cha bati kutoka asubuhi mpaka jioni. Ukimtazama anasema, "Mimi nimemeza dawa? Fyata."

Sasa jambo ambalo watu wa Nyalenda hawapendi kulisema. Mvuvi mmoja, mtu wa miraba minne, alichomwa na mwiba wa samaki, mbuta, kwenye kiganja. Kidonda kidogo, unaweza kukicheka. Akapewa dawa ya tumbo tupu. Yeye akala samaki na ugali, akameza, akaja kubadilisha kitambaa.

"Umekula?"

"Sijala, Sista."

Akamvuta karibu, akamnusa mdomo. Na kwenye ndevu kulikuwa na gamba la samaki, linang'aa. Alimpiga siku hiyo mpaka watu wakamshika mkono. Mvuvi akatoka. Na hakurudi. Mkono ukavimba mpaka kwapani, mke wake akamwomba arudi dispensari, yeye akasema heri afe kuliko kurudi kwa yule mwanamke. Na akafa. Mtu aliyekuwa akivuta mtumbwi peke yake aliuawa na mwiba wa samaki, na woga.

Sista alikwenda mazishini. Alikaa nyuma. Mama wa marehemu akamwona, akachukua kigoda, akamjia akampiga nacho kichwani, akampiga tena. Sista hakuinua hata mkono wa kujikinga. Damu ilimshuka machoni, akakaa hivyohivyo mpaka kaburi likafukiwa. Mpira haukuonekana tena mezani kwa muda mrefu. Halafu kipindupindu kikaja, watu wakawa wanakufa kama nzi na bado wanachota maji kwenye mtaro, na mpira ukarudi. Nilimwuliza kwa nini. Alisema, "Nimejaribu mdomo. Mdomo hausikiki." Alisema hivyo akinitazama kama mtu anayetaka nimbishie. Sikumbishia. Mimi nimelelewa kwa panga, nilidhani ndivyo dunia ilivyo.

Sista alimlea mwanawe peke yake, na kwa mpira uleule. Nilimjua akiwa mdogo, mgongo umechorwa mistari.

Basi nikaenda Bondo. Niliondoka na pikapu yangu alfajiri, nikafika asubuhi bado umande. Boma zuri, kuku, nyumba ya matofali. Kabla sijapiga hodi nikasikia sauti ya mwanamume:

"Fungua mdomo! Fungua! Unataka kufa na tumbo tupu watu waseme sikukulisha?"

Na sauti nyingine, nyembamba, ambayo sikuijua. "Sio sasa. Sio na hii."

Nikaingia. Sista alikuwa kitandani, amekauka, mkono umebaki mfupa na ngozi. Mguu ulikuwa nje ya shuka umefungwa kitambaa, na harufu ilinipiga ukutani, mimi mtu wa kichinjioni. Mwanawe, jitu, mvi zimeanza, alikuwa amemkaba taya kwa mkono mmoja kama unavyomnywesha ndama, na kwa mwingine anamimina maziwa ya moto, na yale maziwa yanamshuka shingoni, na vidonge viko ulimini. Alipogeuza kichwa, akampiga kofi. Si kofi kubwa. Kofi la kawaida, kama la kila siku.

"Ulinipiga mimi miaka yote unimezeshe dawa zako," akamwambia. "Leo ni zamu yako. Kunywa!"

Sikumbuki kuvuka chumba. Nakumbuka kikombe kikigonga sakafu, na nakumbuka shingo yake mikononi mwangu, na kichwa chake kikigonga fremu ya mlango. Ana nguvu kunizidi, lakini mimi nimeangusha mafahali tangu sijaota ndevu. Nikamlaza chini, nikaweka goti kifuani. Kulikuwa na jembe kando ya mlango. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye mpini.

"Mwache," ile sauti nyembamba ikasema.

"Sista, anakuua! Dawa gani hiyo? Si ni moja ya zile za nyavu?"

"Inaitwa sipro, na ni ya nyavu. Mwache. Ukimpiga, kesho ataniambia ni maji na ndani ametia maziwa."

Goti likalegea lenyewe. Yule mwana alikuwa analia, jitu lile, damu inamtoka sikioni, anasema, "Mimi nataka apone. Mzee, nataka apone. Wanataka kumkata mguu. Namkamia ng'ombe mwenyewe."

Nami nilimwamini. Hapo ndipo nilipoona ubaya wake wote. Alikuwa akimpenda na akimlipiza kwa kikombe kimoja.

"Baba," Sista akamwita, kama mama anavyomwita mwana wa kiume. "Njoo ukae hapa."

Akatambaa akakaa kando ya kitanda. Sista akamshika mkono ule uliompiga. Akamweleza. Taratibu, neno baada ya neno, anapumzika kati. Kwamba sukari imekula mguu na wadudu wameingia. Kwamba dawa hii inawaua, lakini ikikutana na maziwa tumboni inakamatwa, haifiki mguuni. Kwamba kidonge kile kingine alichopewa na daktari hakigombani na maziwa, lakini hii inagombana. Asubuhi dawa na maji, kikombe kizima cha maji. Maziwa mchana, mbali na dawa. Jioni dawa na maji tena. "Maziwa yako nayataka," akamwambia. "Nayapenda. Niletee mchana, jua likiwa kichwani."

Mwana akapangusa damu sikioni.

"Mbona hukuniambia hivi zamani? Hivi, kwa maneno?"

"Zamani nilikuwa na mkono," Sista akasema.

Nje kuku walikuwa wanalia. Mimi nikaokota vipande vya kikombe kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono yangu. Yule mwana akatoka, akarudi na jagi la maji, akamimina, akamwinua mama yake kwa mgongo kama unavyoinua mtoto mchanga, na akangoja. Hakumshika taya. Sista akafungua mdomo mwenyewe.

Nilikaa kwao mpaka siku ya daktari, nikilala kwenye pikapu. Sitaki kusema ni maji peke yake yaliyoponya. Nesi wa pale alikuwa anakuja kukwangua mguu, na kiwango cha sindano ya sukari kilipandishwa, na Sista mwenyewe angenitukana nikisema uongo. Lakini siku ya daktari, alipofungua kitambaa, alibonyeza, akabonyeza tena juu zaidi, akasema goti libaki. Kisigino kibaki. Akakata vidole viwili vilivyokuwa vimeshakufa vyeusi, na Sista alimwambia mkasi wake ni butu.

Leo mimi nina mabucha mawili Kibuye, pikapu moja, nyumba ya mawe Nyalenda na nyingine nyumbani kwa mama. Nina ng'ombe saba, wawili wanakamwa. Nina watoto waliosoma mpaka wakanizidi, na kaburi la baba lina saruji. Deni sina.

Sista ana nyumba ya matofali Bondo, kuku, redio, fimbo ya kutembelea, mwana mmoja anayemletea maziwa mchana, na nyayo mbili. Moja ina vidole vitatu.